Mashudu yapanda kaskazini, vitamini zashuka kusini: Ng'ombe anahitaji nini hasa?

MASHUDU ya alizeti kutoka Singida na Dodoma, na yale ya pamba kutoka Simiyu na Shinyanga, husafiri kuelekea kaskazini. Mwisho wa safari yake mara nyingi ni zizi la ng'ombe wa maziwa huko Kiambu, Nyandarua au Meru, baada ya kuvuka Namanga, Holili au Sirari. Barabara hizo hizo hupitisha mzigo mwingine unaoelekea kusini, mdogo kwa ujazo lakini wenye bei kubwa kwa kilo: primiksi, yaani unga uliochanganywa vitamini na madini, chupa za sindano za multivitamini, na mawe ya chumvi ya kulamba. Huo hutoka maghala na viwanda vya Kenya kwenda kwa wafugaji wa Arusha, Kilimanjaro na Mara.

Mizigo hiyo miwili hukutana ndani ya tumbo la ng'ombe mmoja. Anayeuza mashudu huulizwa kiasi cha protini, na anayeuza primiksi huulizwa ina vitamini ngapi. Jibu la swali hilo la pili huhesabiwa kwa wingi wa majina kwenye lebo, kana kwamba kila jina ni faida. Hapo ndipo fedha za wafugaji wengi zinapopotelea, na za wafanyabiashara pia, kwa sababu mteja asiyeona mabadiliko kwenye ndoo ya maziwa harudi mara ya pili. Sehemu kubwa ya vitamini zinazotajwa kwenye lebo hizo, ng'ombe mzima mwenye afya anazitengeneza mwenyewe bila kutozwa senti. Nyingine chache hawezi kuzitengeneza kabisa, na hizo ndizo zinazoharibika upesi zaidi ndani ya lori lililosimama juani.

Pipa la uchachu

Chakula anachokimeza ng'ombe huliwa kwanza na wengine. Tumbo lake la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni, kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa linaweza kubeba zaidi ya lita 100. Joto lake ni nyuzi 39 hivi, halina oksijeni, na ndani yake wanaishi bakteria, protozoa na kuvu kwa wingi usiohesabika. Katika mililita moja tu ya maji ya tumbo hilo bakteria hufikia bilioni 10 hivi. Kazi yao ni kuchachusha. Aliyewahi kuandaa togwa au mbege anaujua mwenendo wenyewe: weka nafaka, maji na joto la kutosha, vijidudu vitafanya yaliyobaki, na gesi itapanda juu.

Kwa ng'ombe, uchachu huo huzaa asidi tatu kuu, ya kwanza ikiwa ni ile ile inayoipa siki ukali wake. Asidi hizo hupenya kwenye ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu, na ndizo zinazompa ng'ombe takriban asilimia 70 ya nguvu anayoitumia. Gesi huitoa kwa kubeua. Vijidudu wenyewe, wakisha kuzaana kwa mabilioni, husukumwa pamoja na chakula kuelekea tumbo la nne na utumbo mdogo, ambako nao husagwa na kuwa chakula. Protini nyingi inayofika kwenye utumbo wa ng'ombe imetoka kwenye miili ya vijidudu hao.

Ndiyo maana ng'ombe anaweza kula mabua ya mahindi na kutoa maziwa, jambo ambalo nguruwe na kuku hawawezi. Ndiyo maana pia gunia la chakula lililotengenezwa vizuri kwa ajili ya kuku linaweza kuwa hasara kwa mwenye ng'ombe: viungo vilivyopangwa kumlisha mnyama moja kwa moja, kwa ng'ombe vinapitia kwanza mikononi mwa wapangaji wa tumbo la kwanza, na wapangaji hao huchukua chao.

Wapangaji hao wana masharti. Uchachu ukienda kasi mno, kama ng'ombe anapopewa pumba laini na unga mwingi bila majani ya kutosha, asidi hujaa kuliko inavyonyonywa, na bakteria wanaovunja nyuzi za majani hufa. Ng'ombe hupoteza hamu ya kula, kinyesi hulainika, mafuta ya maziwa hushuka, na baada ya wiki kadhaa kwato huanza kuuma. Kinga ya asili ni mate. Ng'ombe anayecheua vizuri humeza zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo yana bikaboneti inayopoza asidi. Majani marefu humfanya acheue. Unga peke yake haumfanyi.

Wafugaji wa Bonde la Ufa walikuwa na habari hiyo kwa njia yao zamani sana. Magadi yanayochotwa katika Ziwa Magadi, upande wa Kajiado, yana kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, jamii moja na kile kinachouzwa leo na maduka ya dawa za mifugo kama kipoza asidi. Tofauti ni kwamba magadi ya asili hubeba pia floraidi nyingi, ambayo ikizidi kwa miaka huharibu meno na mifupa ya mnyama. Anayeyauza kama lishe ya kila siku anauza dawa yenye deni ndani yake.

Zile anazozitengeneza mwenyewe

Vijidudu wa tumbo la kwanza, wanapojijenga, hutengeneza vitamini zote za kundi B: B1, B2, niasini, B6, foliki, biotini na B12. Hutengeneza pia vitamini K. Vitamini C ng'ombe huitengeneza kwenye ini lake. Kwa hiyo ng'ombe mzima anayekula vizuri, asiyeumwa, hana sababu ya kawaida ya kununuliwa chupa ya vitamini B. Ile rangi nyekundu ya dawa inayopendwa madukani mara nyingi ni rangi ya B12 yenyewe, na ng'ombe anayo tayari, mradi ana malighafi.

Malighafi hiyo ni madini ya kobalti, na hapa historia ya eneo hili inatoa somo ambalo halikupatikana vitabuni. Katika miaka ya ukoloni, ng'ombe waliokuwa wakilishwa kwenye baadhi ya malisho ya kuzunguka Nakuru walikuwa wakidhoofika huku majani yamejaa mbele yao. Walikonda, damu ikapungua, manyoya yakawa makavu, ndama wakadumaa. Walipohamishiwa malisho ya mbali walipona bila dawa. Ugonjwa huo ukapewa jina la mahali: Nakuruitis. Australia na New Zealand walikuwa na ndugu zake, kila mmoja na jina lake la mahali.

Jibu lilipatikana Australia mwaka 1935, watafiti walipogundua kwamba kilichokosekana kwenye udongo na majani ni kobalti. Hata hivyo haikufahamika kwa nini mnyama aumwe kwa kukosa madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo namna ile. Mwaka 1948 vitamini B12 ilipotenganishwa kwa mara ya kwanza, ikaonekana kwamba katikati ya kila chembe yake imekaa kobalti. Bila kobalti, vijidudu hawana cha kujengea B12, na bila B12 ng'ombe hawezi kutumia ile asidi ya uchachu inayogeuzwa kuwa sukari mwilini. Anashiba na kufa njaa kwa wakati mmoja.

Kiasi kinachohitajika ni takriban miligramu 0.1 kwa kila kilo ya chakula kikavu. Kwa ng'ombe anayekula kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, hiyo ni miligramu 1.2, vumbi lisiloonekana kwenye ncha ya kidole. Jiwe la kulamba lenye kobalti humpa hiyo kwa gharama ndogo kuliko sindano yoyote ya B12. Mfanyabiashara anayechagua kati ya kujaza gari chupa za vitamini B au mawe ya chumvi yaliyoandikwa kobalti kwenye kibandiko, afikirie kwanza mteja wake anafuga nini na wapi.

Kuna hali ambazo vitamini B huhitajika kweli, na ni haki kuzitaja. Ng'ombe aliyeacha kula kwa siku kadhaa hana uchachu wa kutosha, na daktari wa mifugo anaweza kumpa. Biotini ya miligramu 20 kwa siku, ikitolewa kwa miezi kadhaa, imeonekana kuimarisha kwato za ng'ombe wa maziwa. Na upo ugonjwa wa ubongo unaowapata ng'ombe wanaolishwa nafaka au molasesi nyingi mno bila majani: uchachu hubadilika, B1 hupungua au huharibiwa humo humo tumboni, na mnyama huonekana kama kipofu, hubonyeza kichwa ukutani, kisha huanguka. Akipata sindano ya B1 mapema hupona. Cuba, ambako ng'ombe walilishwa molasesi kama chakula kikuu, waliufahamu ugonjwa huo vizuri. Anayeuza madumu ya molasesi kutoka viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya au Kilimanjaro anapaswa kumwambia mnunuzi kwamba ni kiungo cha kulainisha majani makavu, na majani hayo ni lazima yawepo.

Zile asizoweza

Vitamini A, D na E ziko kundi jingine. Vijidudu hawazitengenezi, kwa vitamini A wao ni waharibifu, kwani sehemu ya ile inayowekwa kwenye chakula huvunjwa tumboni kabla haijafika kwenye utumbo, na huvunjwa zaidi ng'ombe anapolishwa nafaka nyingi.

Vitamini D hutoka juani kupitia ngozi. Ng'ombe anayetembea malishoni Longido au Kajiado ana zaidi ya kutosha. Yule wa zizi la kufungiwa chini ya paa la mabati, asiyetoka nje mwaka mzima, ndiye wa kufikiriwa.

Vitamini A ndiyo yenye hadithi ndefu. Chanzo chake ni karotini, rangi iliyojificha ndani ya ukijani wa majani. Ng'ombe wa maziwa huhitaji takriban uniti 110 za vitamini A kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 400 anahitaji uniti 44,000 kwa siku. Miligramu moja ya karotini huhesabiwa uniti 400 kwa ng'ombe, maana yake miligramu 110 zinatosha. Majani mabichi yaliyokatwa vizuri, yawe mabingobingo kama wanavyoyaita Watanzania au nepia kama wanavyoyaita Wakenya, hutoa kiasi hicho katika kilo chache tu. Ini huweka akiba ya ziada, ya kumtosha mnyama kwa miezi miwili hadi minne ya ukame.

Kisha ukame unazidi miezi minne. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa za Kenya na maeneo jirani. Mifugo iliyonusurika iliishi kwa hei iliyopauka, mabua, mashudu na pumba. Vyakula hivyo vina nguvu na protini, lakini karotini yake ni karibu na sifuri. Hei iliyogeuka rangi ya manjano-kijivu imeshaipoteza juani. Dalili hazianzi kwenye maziwa. Huanza usiku, ng'ombe anapojikwaa kwenye kizingiti alichokivuka miaka yote, kwa sababu haoni gizani. Baadaye mimba hutoka, kondo la nyuma hubaki, ndama huzaliwa dhaifu au kipofu, na wengi hufa kwa kuharisha au vichomi katika wiki za kwanza.

Ndama ana shida yake peke yake. Anazaliwa na tumbo la kwanza lisilofanya kazi, na akiba yake ya vitamini A na E ni ndogo mno. Anategemea maziwa ya dang'a ya saa za kwanza. Mama asiye na akiba hana cha kumpa. Kwa wiki zake za mwanzo ndama hata vitamini B huzipata kwenye maziwa, hivyo yeye ndiye mteja halali wa ile chupa ambayo mama yake haihitaji.

Vitamini E, pamoja na madini ya seleni, hulinda misuli na kiwele. Majani mabichi yanayo kwa wingi, makavu yana kidogo. Kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake amekaushwa maziwa akisubiri kuzaa katika msimu wa kiangazi, A na E ndizo mbili za kununua kabla ya nyingine yoyote. Seleni itolewe kwa kipimo kilichoandikwa. Ikizidi ni sumu.

Mashudu yenye mafuta mengi

Sokoni, mashudu yanayong'aa mafuta huuzwa haraka. Mnunuzi huyabana kiganjani, akiona mafuta anatabasamu. Mashine ndogo za vijijini huacha mafuta mengi kwenye mashudu kuliko viwanda vikubwa, na wengi huona hiyo ni bahati.

Kwa vijidudu wa tumbo la kwanza si bahati. Mafuta yakizidi asilimia 6 au 7 ya chakula chote kikavu, huwafunika bakteria wanaovunja nyuzi na uchachu hupungua. Hesabu yake ni rahisi: kilo 3 za mashudu yenye mafuta asilimia 12 ni gramu 360 za mafuta. Kwa ng'ombe anayekula kilo 12 kavu kwa siku, hiyo ni asilimia 3 tayari, na majani yana yake. Mfugaji akiongeza pumba za mpunga, ambazo nazo zina mafuta mengi, amefika mpakani bila kujua.

Mafuta hayo pia huchina. Mashudu au pumba za mpunga zilizokaa miezi katika ghala lenye joto hutoa harufu kali ya kukwaruza koo, na mafuta yaliyochina huharibu vitamini E na A zilizomo kwenye mchanganyiko wote. Kiwanda cha Nairobi kikichanganya primiksi bora na mashudu yaliyochina, kinalipa vitamini kisha kinaziunguza. Ndiyo maana wanunuzi wakubwa siku hizi hupima mafuta na unyevu pamoja na protini, na lori likirudishwa mlangoni mwa kiwanda, gharama ya kurudi ni ya mwenye mzigo.

Mashudu ya pamba yana jambo la ziada: gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Ng'ombe mzima huimudu kwa kiasi cha kawaida kwa sababu vijidudu wake huifunga. Ndama, nguruwe na kuku hawana ulinzi huo. Muuzaji wa rejareja anayeyapunja bei yauzike kwa mfuga nguruwe anaweza kuua mifugo ya mtu kwa punguzo la shilingi chache.

Na ipo sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye mahindi, mashudu na pumba zenye unyevu huacha sumu ambayo vijidudu wa tumboni hawaimalizi. Sehemu yake hubadilika mwilini na kutoka kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili tangu ng'ombe ale. Kwa hiyo gunia lililolowa mvua njiani huishia kwenye kikombe cha mtoto. Wafanyabiashara wa nafaka wanakumbuka Machi 2021, Kenya iliposimamisha ghafla mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yaliyokuwa foleni siku zile hayakuwa yote na mahindi mabaya. Yalikosa karatasi ya kuthibitisha mazuri yake. Pumba ni ganda la mahindi hayo hayo, na sumu hukaa zaidi kwenye ganda kuliko kwenye kiini.

Primiksi barabarani

Vitamini A huuzwa ikiwa punje ndogo zilizofunikwa, ili zistahimili hewa na mwanga. Kifuniko hicho kina mwisho wake. Joto, unyevu, na zaidi ya yote kukaa mfuko mmoja na madini ya salfeti kama ya shaba na chuma, pamoja na kolini inayovuta maji, humaliza nguvu yake mwezi baada ya mwezi. Viwanda makini huweka vitamini mfuko wake na madini mfuko wake, vikutane siku ya kuchanganya chakula. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka na kuhifadhi bidhaa dukani miezi kadhaa, mifuko miwili ni salama kuliko mmoja, hata kama mteja analalamika usumbufu.

Cha kusoma kwenye lebo, basi, ni tarehe ya kutengenezwa kabla ya orodha ya majina. Kisha uniti za A, D na E kwa kila kilo, kisha kobalti, seleni, shaba, zinki na iodini kwa miligramu, na kipimo cha kuchanganya kwa gunia. Lebo inayosema "ina vitamini na madini yote muhimu" bila namba haisemi kitu. Mfuko uliofunguliwa na kupimwa upya kwenye vifuko vya nailoni vya kilo moja, vikatundikwa mlangoni juani kuvutia wateja, umebaki na chumvi, chokaa na jina.

Kishawishi cha kupunguza vitamini A kwenye mchanganyiko huja kila bei inapopanda duniani, na bei hiyo huamuliwa mbali. Watengenezaji wake ni wachache mno. Oktoba 2017 moto katika kiwanda kimoja cha Ludwigshafen, Ujerumani, kinachotengeneza malighafi ya vitamini A na E, ulitosha kuvuruga soko la ulimwengu kwa miezi mingi, na moto mwingine wa Julai 2024 katika mji huo huo ulileta mtikisiko kama huo. Primiksi ambayo bei yake haikusogea wakati vitamini A imepanda mara kadhaa ina swali la kujibu.

Urea imeingia pia kwenye biashara hii, kwa kuwa vijidudu huweza kuigeuza protini. Kipimo chake hakipaswi kuzidi asilimia 1 ya chakula kikavu, ianzishwe polepole kwa wiki mbili au tatu, iambatane na chakula chenye sukari au wanga, isipewe ndama, isichanganywe na soya mbichi. Ikirundikana sehemu moja ya gunia kwa kuchanganywa vibaya kwa koleo, ng'ombe wa kwanza kulifikia rundo hilo hufa ndani ya saa chache.

Karatasi za mpakani

Kwa mujibu wa Soko la Pamoja lililoanza 2010 na Umoja wa Forodha uliotangulia 2005, bidhaa inayotokana na nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Kimarekani, ulio katika orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti chepesi cha asili kinachotolewa mpakani penyewe. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa Desemba 2018, kimefupisha foleni kwa kuweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja.

Mashudu ya alizeti iliyolimwa Iramba hayana utata: asili yake inaonekana. Primiksi ni habari nyingine. Vitamini zilizomo zimetengenezwa China au Ulaya, na kanuni za asili za Jumuiya hazihesabu kuchanganya tu, au kufungasha upya, kuwa ni utengenezaji wa kutosha kuipa bidhaa uraia wa Afrika Mashariki. Anayenunua primiksi Nairobi na kuamini inapita Namanga kama unga wa sembe anaweza kukuta anadaiwa ushuru. Aombe kwa muuzaji nyaraka za asili kabla hajapakia.

Cheti chepesi hakifuti vibali vya ubora na afya. Mashudu na pumba ni mazao ya mimea, na huulizwa cheti cha afya ya mimea. Tanzania ina sheria yake ya maeneo ya malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, Kenya ina yake ya mbolea na vyakula vya mifugo, na mashirika ya viwango, TBS na KEBS, yana viwango vya Afrika Mashariki vya kupimia. Kipimo kimoja cha maabara chenye protini, mafuta, unyevu na sumukuvu, kilichofanywa kabla ya kupakia, hugharimu kidogo sana ukilinganisha na siku tatu za lori kusimama.

Alizeti ya kanda ya kati huvunwa kuanzia Mei, na mashudu hushuka bei mashine zinapofanya kazi usiku na mchana. Mnunuzi wa Kenya huyatafuta kwa nguvu kiangazi cha Januari hadi Machi. Mashudu makavu, yenye mafuta kidogo na unyevu chini ya asilimia 12, yaliyopangwa juu ya mbao mbali na ukuta, yanaweza kusubiri miezi hiyo. Primiksi inayokusudiwa kiangazi hicho hicho inunuliwe Desemba, kwa kiasi cha kuuzika kabla ya mvua za Machi.